Unga Mweupe wa Mashimoni

Mwaka 1976, siku chache baada ya Maulidi, mvua za mwisho zikiwa bado zinanyesha, nilimpoteza mwanangu wa kwanza, Rehema. Alikuwa bado hajachezwa unyago. Bibi yake, yaani mama yangu mzazi, alikuwa amemnunulia kanga ya kuvaa siku ya kutolewa ndani, akaiweka sandukuni ikiwa bado ina gundi ya dukani. Kanga hiyo ndiyo tuliyoitandaza juu ya jeneza alipopelekwa makaburini. Iliporudi, mama aliikunja akairudisha sandukuni, na mpaka leo haijafuliwa.

Niliishia darasa la nne. Mambo ya daktari sitayaeleza kwa sababu siyajui. Nitaeleza yaliyonipata mwilini na yaliyompata mdogo wake Rehema, anayeitwa Siwema, kwa ajili ya mtu anayeishi karibu na mashimo kama yale yetu na anayejitazama viganja asijue anaona nini. Mimi nilijitazama hivyo kwa muda mrefu, sikuwa na wa kumwuliza.

Zamani tulikaa karibu na Kitaya, ukingoni mwa Ruvuma. Mwaka 1974 tulihamishiwa kijiji cha ujamaa, mbali kidogo na mto, kwenye kilima ambacho watu walikiita Mashimoni. Wakati wa ukoloni Mzungu mmoja alichimba dhahabu pale. Wazee waliowahi kumfanyia kazi walisema alikuwa akisaga mawe mpaka yakawa unga, akiuosha unga huo kwa maji na dawa, kisha akaondoka bila kuaga. Aliacha mashimo. Mengine yalikuwa membamba na marefu, yamefunikwa na nyasi, na mbuzi wawili watatu waliishia humo. Moja lilikuwa pana kama uwanja wa mpira, limejaa maji. Kando yake palikuwa na lundo la mchanga wa kijivu, laini, usioota hata jani moja. Watoto walikata makuti wakakalia na kuteleza juu ya lundo lile toka juu mpaka chini. Rehema alikuwa hodari kuliko wote. Alikuwa akirudi nyumbani kijivu mwili mzima, mpaka kope.

Kijiji kilichimbiwa kisima cha pampu, na maji yake ndiyo tuliyokunywa. Nataka msomaji alikumbuke hilo, kwa sababu lilitupotezea muda mwingi baadaye.

Chakula chetu ni mihogo. Mihogo yetu mingi ni michungu, hailiki mpaka imenywe maganda, ivundikwe majini mpaka ilainike, kisha ianikwe juani na kutwangwa. Tulipokuwa Kitaya tulivundika kwenye vijito vya mtoni. Baada ya kuhamia kilimani hakuna mwanamke aliyetaka kushuka mtoni. Mamba walikuwepo tangu hapo, na sasa kulikuwa na mabomu yaliyotegwa wakati wa vita vya ng'ambo. Vita vilikwisha lakini mabomu hayakujua kwamba vimekwisha. Mwanamke mmoja wa kijiji cha jirani alirudi na mguu mmoja.

Mama yangu, Bi Fatu, ndiye aliyekwenda kulitazama lile shimo kubwa. Alisimama pale muda mrefu, akachota maji kwa kiganja, akayaonja, akayatema. Aliporudi alituita wanawake.

"Maji yale masafi," alisema. "Hayana chura. Hayana ruba. Hata mbu sijamwona. Mnataka nini tena?"

"Kunywa, Bi Fatu?"

"Nani kasema kunywa? Kuvundika."

Tukavundika. Ile mihogo ilitoka myeupe, haina harufu, laini kama jibini la maziwa mgando. Unga wake ulikuwa mweupe kupita wa mahali popote, mpaka watu wa kijiji cha Mahurunga wakawa wanakuja kubadilishana kwa samaki. Mama alisifiwa. Wanawake walimtania wakimwita Mama Viwanda. Na mimi nilijivuna kuwa binti yake.

Msimu wa kwanza wa korosho ulipita salama. Msimu wa pili Rehema alianza kutapika. Hakuwa akitapika kila siku. Angekaa wiki akiwa mzima, akicheza, kisha angeamka ameshika tumbo. Ngozi yake ikawa nyeusi mgongoni, na juu ya weusi huo vikatokea vidoa vyeupe vidogovidogo, kama vumbi la njiani lililoangukiwa na matone ya kwanza ya mvua. Pumzi yake ilinuka kitunguu saumu. Nyumbani kwetu hatukuwa na kitunguu saumu.

Kwetu Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Kaka yangu mkubwa, Mfaume, aliamua apelekwe kwa mganga ng'ambo ya Mahurunga. Mume wangu Selemani alitaka hospitali, lakini alisema mara moja tu, kisha akanyamaza kama baba anavyotakiwa kunyamaza. Simlaumu kaka yangu. Alimpenda, alimbeba mgongoni njia nzima. Walikaa huko, wakila unga wetu tuliowafungia, mpaka mvua zikakaribia kwisha, na aliporudi naye, Rehema hakuweza tena kusimama. Alifariki asubuhi, jua limeshatoka, akiwa ameniomba uji. Uji wenyewe ulikuwa wa ule unga.

Hapo hofu yangu haikuwa imeanza. Huzuni ilikuwa imejaza mahali pote. Hofu ilianza baada ya arobaini, jioni moja nikiwa napika nje. Siwema, aliyekuwa na umri wa kama miaka mitano, alipita karibu na mafiga akifukuza kuku. Nilisikia harufu ya kitu kinachoungua. Nikatazama chungu, nikatazama kanga yangu. Mtoto alikuwa amesimama juu ya kaa la moto, ananiangalia, anacheka, anasema, "Mama, yule jogoo kaniogopa."

Nilimnyanyua. Nyama ya unyayo ilikuwa imeiva. Hakulia. Aliniuliza kwa nini mimi nalia.

Nilipomaliza kumfunga mguu, nilijitazama mimi mwenyewe, jambo ambalo tangu msiba sikuwa nimelifanya. Viganja vyangu vilikuwa na chembe ngumu, kama punje za mtama zilizopandwa chini ya ngozi. Nilikuwa nimedhani ni sugu za mpini wa jembe. Nilifunua tumbo. Vidoa vilikuwepo.

Mganga wa zahanati alitazama vidoa, akamchoma Siwema unyayoni kwa sindano, mtoto akaendelea kula ndizi. Aliandika karatasi bila kutuangalia usoni. Nilimwuliza ni nini.

"Watakwambia Mtwara."

"Niambie wewe, baba. Nina safari ndefu."

"Nafikiri ni ukoma, mama. Usiogope, siku hizi una dawa."

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Mama mkwe wangu alikuwa ameshamwita mwanawe. Selemani alikuja jioni, akasimama uani, akasema atalala kwao mpaka tutakapojua. Alibeba sahani yake na kikombe chake. Asubuhi alirudi na baiskeli, akatupeleka mpaka barabarani kupanda lori la ushirika, Siwema amekaa mbele, mimi nikitembea kando. Hakuna aliyesema neno juu ya sahani. Lakini alikuja na baiskeli, na hilo nalo naliandika.

Katika kliniki ya ukoma kulikuwa na benchi refu ukutani. Nilipokaa, vijana wawili waliokuwa pale kusindikiza mgonjwa walisogea. Mwisho wa benchi alikaa mama mtu mzima asiye na vidole. Alipiga benchi kwa kiganja.

"Njoo hapa, mwanangu. Huku kwetu hatukimbiani."

Nilikaa karibu naye. Alimtazama Siwema, akamtazama mguu uliofungwa, akamwonyesha jinsi anavyoweza kufungua kifuniko cha chupa kwa viwiko. Siwema alimwambia afanye tena. Alifanya tena. Nilikuwa nikimtazama mwanamke yule na kuhesabu kichwani vidole vya mwanangu vitakavyobaki, na niliona haya kwa sababu alikuwa mwema kwetu.

Walitukata kidogo kwenye ndewe za masikio, wakaenda na damu. Tulingoja. Tuliambiwa turudi kesho, na kesho tukaambiwa keshokutwa. Mwishowe nesi alituita.

"Mama Siwema, furahi. Si ukoma."

Nililia. Nesi akanipigapiga bega, akidhani ni furaha. Ukoma ulikuwa na jina na dawa. Sasa tulikuwa tumerudi pale pale nilipokuwa na Rehema, kwenye kitu kisicho na jina.

Tulipelekwa hospitali kubwa, wodi ya wanawake, mimi na mtoto kitanda kimoja. Kitanda cha pili alilala Bi Mwanahawa wa Chikongola, mtaa wa palepale mjini, mwanamke mnene aliyevimba miguu, mjane, muuza maandazi, ambaye hakuweza kukaa kimya hata akiambiwa kipimajoto kimo mdomoni. Alinikaribisha kwa kusema, "Ukikoroma nitakutupia kiatu. Mimi nikikoroma, nivumilie, ni mgonjwa."

Daktari alikuwa kijana, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alitazama kucha zangu kwa muda. Zilikuwa na mistari myeupe iliyokata kucha kwa upana. Akaniuliza kama nyumbani tuna sumu ya panya. Hatuna. Dawa ya kuogeshea ng'ombe? Hatuna ng'ombe. Dawa ya mikorosho? Tulikuwa hatujawahi kuiona.

"Kijiji chenu kinaitwaje?"

"Mashimoni."

"Mashimo ya nini?"

Nikamweleza. Aliweka kalamu chini.

"Maji ya kunywa mnachota wapi?"

"Kisimani. Kuna pampu."

"Ya shimoni hamnywi kabisa? Hata watoto?"

"Hatunywi, daktari. Mama yangu alikataza tangu mwanzo."

Nilisema kweli tupu. Alishusha pumzi, akaokota kalamu yake. Aliuliza juu ya maji mara nyingine tena na tena siku zile, akibadilisha maneno, na mimi nikajibu vilevile. Hakuna aliyefikiria kuuliza juu ya mihogo, na mimi sikufikiria kuitaja, kwa kuwa mihogo kwetu ni kama hewa.

Walitupa dawa za kutuliza tumbo tu. Hata hivyo tulianza kupona. Tulikula uji wa mahindi na wali wa hospitali, wenye mawe. Siwema aliacha kutapika. Mashavu yakarudi. Nilianza kulala. Bi Mwanahawa alisema ni kwa sababu nimekaa karibu naye, kwamba yeye ana mkono wa baraka, na maandazi yake yangeshaniponya kabisa kama wangemruhusu jiko.

Ndipo mama yangu akaja. Alikuwa hajawahi kufika mjini tangu ujana wake. Aliingia wodini na kapu kichwani, amevaa viatu vya kaka Mfaume, anawasalimia wagonjwa mmoja mmoja kama msibani. Akapakata Siwema. Akafungua kapu: dagaa, kisamvu kilichokauka, na mfuko wa unga.

"Nimeambiwa mnakula mahindi," alisema. "Mtu atapona vipi kwa mahindi?"

Nyuma ya wodi palikuwa na banda la ndugu wa wagonjwa kupikia. Mama alitupikia kila siku. Sijawahi kula kwa raha kama siku zile. Bi Mwanahawa naye alinusa, akaletewa sahani.

"Ugali mweupe huu, Bi Fatu, unausafishia sabuni?"

"Kula, mwanangu, unyamaze."

Siku ya nne au ya tano hivi Siwema alitapika juu ya shuka. Mimi nikafuata. Bi Mwanahawa, aliyekuwa na miguu mibovu lakini tumbo la chuma, alishinda chooni akirudi na kutoka tena, akitukana ukuta. Daktari alisimama kati ya vitanda vyetu viwili. Alitazama cha kwangu, akatazama cha Bi Mwanahawa.

"Ninyi wawili mmekula nini pamoja?"

"Mimi nimekula msiba wa watu," alisema Bi Mwanahawa. "Niulizie ugali wa mama yule."

Mama alileta mfuko wa unga akitabasamu, akidhani ameombwa kuonjesha. Daktari alichukua kidogo akatazama kiganjani, akamwuliza unatengenezwaje. Mama alimweleza vizuri, hatua kwa hatua, kama mtu anayejivunia kazi yake: tunamenya, tunafunga kwenye matenga, tunazamisha.

"Mnazamisha wapi?"

"Shimoni," alisema mama. "Maji yake masafi. Hayana hata chura."

Daktari alivua miwani. Nilimwona mama akitabasamu bado, kisha tabasamu likaanza kuondoka kidogokidogo, likianzia machoni. Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Nilitaka mtu aseme kitu kingine, chochote, kabla hajaelewa na yeye.

Daktari alitueleza baadaye, kwa upole, kwamba lile jiwe lenye dhahabu lina sumu ndani yake. Likikaa ardhini halina neno. Likisagwa, sumu inatoka, inaingia majini, na maji hayabadiliki rangi wala ladha. Ndiyo maana chura hakukaa humo. Alisema unga utapelekwa Dar es Salaam kupimwa, lakini hatangoja majibu.

Mama alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda changu.

"Kwa hiyo Rehema nimemuua mimi," alisema.

"Hapana, mama yangu," daktari alisema.

"Sikukuuliza wewe, baba. Namwuliza Mungu."

Aliondoka kesho yake. Unga uliobaki aliumwaga chooni mwenyewe. Hakuniaga kwa maneno, alinishika tu kichwa, na tangu siku hiyo kwa muda mrefu hakuzungumza na mtu isipokuwa kuitikia salamu.

Baada ya hapo nilihesabu maisha kwa sindano za kuitoa sumu mwilini. Zilikuwa za mafuta mazito, zinachomwa makalioni, asubuhi na jioni, na zilinuka kitunguu saumu. Nesi alipovunja kichupa cha kwanza, harufu ile ilinirudisha kwenye pumzi ya Rehema na nikamshika nesi mkono nikamwambia hapana, hiyo ndiyo iliyomuua mwanangu. Walinishika watu wawili. Ilinibidi nitulie ili Siwema asinione. Sindano zilipasua kama maji ya moto mwilini, moyo ulienda mbio, midomo ilikufa ganzi, machozi na mate vilitoka vyenyewe. Kilichonitisha zaidi ni Siwema. Alipochomwa alilia sana, na mimi nilishukuru kwa kila kilio, lakini walipomgusa miguu alinyamaza. Kutoka magotini kwenda chini alikuwa kama mtu aliyevaa buti.

"Itarudi?" nilimwuliza daktari.

"Kwa wengine inarudi. Kwa wengine hairudi."

"Na kwa huyu?"

"Mama Siwema, ningekuwa najua ningekwambia."

Nilimheshimu kwa jibu hilo ingawa lilinikosesha usingizi. Nilijua mguu usiosikia ni nini kijijini. Ni jembe, ni moto, ni nyoka, ni kidonda kinachooza mwenye nacho akicheza. Kila siku niliutazama unyayo wake, katikati ya vidole, kama mtu anayepekua mchele.

Tuliporuhusiwa kutoka wodini, tulitakiwa kurudi kliniki mara kwa mara kwa sindano nyingine, na Mashimoni ni mbali. Bi Mwanahawa, aliyekuwa ametangulia kutoka, alituma mtu kusema kwamba nyumba yake Chikongola ina chumba kitupu na kwamba nisimletee unga. Tulikaa kwake kiangazi chote. Ngozi ya viganja vyangu ilichunuka, ikatoka vipande. Nywele zilidondoka zikaota nyingine. Siwema alipewa viatu vya plastiki, akaambiwa asivue hata akilala, naye akavichukia, na Bi Mwanahawa alimpa andazi kwa kila asubuhi aliyoamka navyo miguuni. Kwenye benchi la kliniki tulijuana, wa sindano, wa kifua, wa mimba. Tulikuwa tukishikiana nafasi kwa kanga.

Selemani alikuja msimu wa korosho ulipoanza. Alikaa barazani kwa Bi Mwanahawa, akampa Siwema korosho za kubanika. Mimi nilimwandalia chai. Alipomaliza, alisukuma kikombe chake kwangu, akasema, "Niongezee, na wewe unywe." Nikamimina ndani ya kikombe kilekile, nikanywa nusu, nikamrudishia. Alikunywa. Hilo ndilo lililokuwa la kuzungumzwa baina yetu, na likaisha.

Aliniletea na habari za kijijini. Daktari alikuwa amemwandikia mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti akaitisha mkutano. Wanawake wengine walijifunua hapohapo, wakaonyesha migongo. Lakini mwenyekiti aliogopa. Alisema kijiji kimepimwa na wakubwa, je, yeye ndiye wa kusema wakubwa wametupeleka kwenye sumu? Watu walikuwa na njaa, mihogo ilikuwa imekomaa, mto ulikuwa na mabomu. Wengine walisema ni uchawi wa Bi Fatu, kwamba amemtoa mjukuu kafara ili unga wake upendwe. Wengine waliendelea kuvundika, wakijificha.

Nilirudi Mashimoni mwishoni mwa mwaka, kabla mvua hazijashika. Niliogopa kurudi kuliko nilivyoogopa sindano. Niliogopa kila chungu cha jirani, kila mkono uliompa Siwema tonge. Tulipanda mtama, tukanunua mahindi, na mihogo tuliivundika kwenye mapipa kwa maji ya kisima, kazi ya kuchosha, maana ni ndoo baada ya ndoo na kichwa changu kilikuwa bado hakijapata nguvu.

Mama alikuwa amebadilika. Alikuwa amekonda, na mikono yake ilikuwa na michubuko mpaka kwenye viwiko. Kaka Mfaume aliniambia kwamba tangu mama aliporudi kutoka hospitali anakwenda porini na panga kila asubuhi, anakata matawi ya miiba, anayaburuta peke yake mpaka kwenye shimo kubwa na kuyapanga kuzunguka ukingo. Aliyekuja na tenga la mihogo alimkuta amesimama. Hakugombana naye. Alimsimamia njiani tu mpaka mwenye tenga akaona haya akarudi. Mashimo membamba nayo aliyazungushia. Mwanzoni watu walisema amerukwa na akili. Kisha majibu yakaja kutoka Dar es Salaam, daktari akaja mwenyewe na Landrova, akasimama mbele ya ua ule wa miiba, na mwenyekiti akasema kijiji kilikuwa kimeshachukua hatua.

Siku moja asubuhi, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, mama alikwenda kuziba mahali mbuzi walipopita. Nilimfuata nimsaidie kuburuta. Siwema alikuja nyuma yetu. Sikujua kwamba viatu ameviacha mlangoni kwa sababu ya tope.

Tulikuwa tumeinama, mama upande wa shina, mimi upande wa matawi, tuliposikia mtoto anapiga kelele. Niligeuka nikijua nitaona nini, shimo au nyoka. Siwema alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ameshika mti, uso umekunjamana.

"Bibi, umenichoma! Mwiba wako umenichoma!"

Mama aliachia tawi. Alikwenda akapiga magoti kwenye tope, akaushika ule mguu, akaugeuza. Mwiba ulikuwa umeingia chini ya kidole gumba cha mguu uleule ulioungua. Mama hakuung'oa. Alitazama unyayo, akatazama uso wa mtoto, na akaugusa mwiba kidogo kwa ncha ya kidole.

"Hapa?" aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali kusikia sauti yake ikiuliza kitu.

"Usiguse! Inauma, bibi!"

"Inauma sana?"

"Sana!"

"Sema tena, mama yangu," alisema. "Nisikie."

Siwema alilia kwa sauti yake yote, akimtukana bibi yake, mwiba na shimo lenyewe. Mama alikuwa ameuweka mguu ule wenye tope kwenye shavu lake. Mimi nilikaa chini palepale penye miiba, nikamwacha mtoto alie.